Onja Wewe Kwanza

Kwa miaka tisa nilichoma nyama za watu hapa Ruiru, na katika miaka hiyo yote sikula kwa raha kipande hata kimoja cha nyama niliyoichoma. Mwenye bucha hakujua, wateja hawakujua, na mke wangu alijua nusu. Nilikuwa na visingizio vya kujaza gunia. Jumatatu nilikuwa nimeshiba, Jumatano tumbo lilikuwa limenikataa, Jumamosi nilikuwa nimefunga kwa maombi. Kuna wateja walioniheshimu kwa kufunga huko, wakawa wananiomba niwakumbuke katika sala zangu.

Ukweli ni kwamba sikuweza kumeza. Nyama ikifika hapa kifuani, chini kidogo ya shingo, ilisimama. Haikuniziba pumzi, niliweza kuongea na kuhema kama kawaida. Ilisimama tu, kifua kikabana, jasho likanitoka, nami nikangoja iamue kushuka au nitoke nje niirudishe ilikotoka. Ilianza nikiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, ikaongezeka polepole. Kwanza nyama, halafu chapati, halafu wali mkavu. Nikajifunza hila. Kata vidogo, tafuna mpaka taya zichoke, sukuma na kitu cha moto. Kwenye harusi nilikaa karibu na mlango. Nyumbani kwangu Witeithie, watoto walimaliza kula, wakamaliza kazi ya shule, na mimi bado niko na sahani yangu.

Kitu cha moto chenyewe kilikuwa chai. Kikombe kimoja kando ya kila mlo, kingine kando ya jiko la kazini, kingine kabla ya kulala. Kama kuna kitu kilichonihurumia miaka ile, niliamini ni chai. Haikukwama hata siku moja.

Utaniuliza kwa nini sikwenda hospitali. Nilikwenda duka la dawa, kama kila mtu. Nikaambiwa hizo ni alsa, vidonda vya tumbo, nikapewa dawa za kupunguza asidi, nikazimeza miaka nenda miaka rudi. Hospitali yenyewe niliikimbia kwa sababu ya baba yangu mdogo. Naye alianza hivi hivi, ugali ukimkwama, akisema ni alsa. Alipofikishwa kwa daktari ilikuwa kansa ya koo. Mwishoni alilishwa uji kwa mpira uliopitishwa tumboni, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia ule mpira. Kwa hiyo nilidhani najua ninachobeba, na sikuona haja ya kwenda kuambiwa. Niliogopa, basi. Nina watoto wawili na nilikuwa mwoga.

Kazi yangu ilianza pale mteja alipomaliza kuchagua nyama dirishani. Nilipewa mbavu au mguu, nikaenda nayo nyuma kwenye jiko la makaa, na baada ya muda nikaileta mezani juu ya kibao, nikaikatakata mbele ya mwenyewe. Mzee aliyenifundisha kazi aliniachia urithi mmoja, chupa ya plastiki yenye kifuniko kilichotobolewa matundu, ndani yake maji ya chumvi. Aliniambia, "Nyunyizia mpaka uisikie ikiimba." Nami niliisikia vizuri. Nilijisifu kwamba nina mkono wa chumvi. Bucha yetu ilijaa, na soda zilitoka kuliko bucha zote za mtaa ule. Mwenye bucha, mama mmoja mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara, alikuwa akisema wateja wetu ni watu wa kiu.

Kati ya wateja hao kulikuwa na mzee mmoja wa kila Jumamosi. Alikuwa mpima ardhi kabla ya kustaafu, na mambo yake yote yalikuwa ya kupimwa. Saa saba kamili, meza ya pembeni, nusu kilo ya mbavu za mbuzi, kachumbari bila pilipili, chupa mbili za maji. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku moja nilipomletea kibao, aliniangalia, akasukuma kile kibao upande wangu.

"Kijana, onja wewe kwanza."

"Hii ni yako, mzee."

"Najua ni yangu. Onja."

"Nimefunga, mzee."

Akavuta kibao chake, akala. Jumamosi iliyofuata akarudia, na iliyofuata tena. "Onja wewe kwanza." Nami nikarudia kufunga kwangu. Mpaka siku moja akauliza kwa sauti ambayo meza zote zilisikia, "Kwani hii kufunga yako inaishanga lini? Wewe hukulangi nyama yako?"

Watu wakacheka. Fundi mmoja wa magari aliyekuwa meza ya katikati akainua shingo, akalia kama punda. Bucha nzima ikaanguka kicheko.

Kwa mtu asiyekaa Kenya, lazima nieleze kicheko hicho. Kila baada ya muda, habari huzuka kwamba mahali fulani punda wamechinjwa vichakani na nyama yao imeingia sokoni. Baada ya hapo kila mwenye bucha ni mshukiwa. Sasa fikiria mchomaji asiyegusa nyama yake mwenyewe, miaka tisa. Hata mimi ningemshuku.

Lakini siku ile nilipandwa na hasira, na mimi hasira zangu haziko mbali. Nikapiga kibao kwa kisu. "Mzee, muhuri wa daktari wa mifugo uko pale kwa paja, nenda uangalie. Hii ni mbuzi. Kama unataka kusema punda, sema punda!"

Mzee hakupandisha sauti. "Mimi sijasema punda," alisema. "Nimesema onja."

Akala, akanywa maji yake, akaenda. Lakini neno likishatoka halirudi. Wiki ile watu wawili walichungulia dirishani wakaenda bucha ya pili. Vijana wa bodaboda wakipita mbele yetu walilia ile sauti. Ijumaa mwenye bucha akaniita kando, na kwa mara ya kwanza akaongea polepole.

"Sikia. Sijui wewe na nyama mlikosana wapi, na sitaki kujua. Lakini kesho huyo mzee akikuambia uonje, utaonja. Utatafuna watu wakiona. Hii bucha ikifungwa, mimi na wewe tutaenda wapi?"

Sikulala vizuri. Nilijiambia kipande kimoja kidogo hakiwezi kunishinda, nitakisukuma na chai.

Jumamosi saa saba nilipeleka kibao. Mzee hakuwa hata amefungua mdomo. Nilikata kipande cha ubavu, nikakionyesha watu kama mhubiri anavyoinua kitabu, nikakitia mdomoni, nikakitafuna mara chache na kukimeza haraka ili yaishe. Sikuhisi utamu wala uchungu. Hofu haina ladha.

Kikasimama.

Nikanywa chai. Chai ikasimama juu yake, kisha ikarudi. Nikajaribu kumeza mate, mate yenyewe yakakataa. Yule fundi wa magari alinirukia, akanipiga mgongoni akidhani nimekabwa, nami nikawa namwonyesha kwa mikono kwamba napumua, napumua, ila hakuna kinachoshuka. Mwenye bucha alikuwa analia. Nikasikia mtu akisema, "Weka yeye kwa gari yangu," na alikuwa mzee wa Jumamosi. Alikuwa na pikapu kuukuu, safi kuliko nyumba za watu wengi.

Kliniki ya kwanza, pale pale Ruiru, walituambia hawana mashine ya kuingia kooni, twende Thika. Njia yote nilishika kopo la mafuta ya kupikia lililokwisha, nikitema mate kila mara, kwa sababu hayakuwa na mahali pa kwenda. Tulipokaribia mji ndipo mzee aliposema, macho yakiwa barabarani, "Pole sana, kijana. Mimi nilitaka tu uonje." Nilikuwa nawaza baba yangu mdogo na ule mpira.

Hospitalini daktari alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye viatu vya raba. Alinipulizia dawa ya ganzi kooni, wakanichoma sindano ya usingizi, wakaingiza kamera. Mke wangu alifika nikiwa naamka. Yeye akiwa na wasiwasi, r na l humchanganya, na sauti ya kwanza niliyoisikia duniani baada ya usingizi ule ilikuwa yake ikiuliza, "Hiyo kamela waliingiza yote?" Nilicheka, koo likauma, nikalia kidogo pia.

Daktari alinionyesha kipande cha nyama ndani ya kikopo. Nilikijua. Nilikuwa nimekikata mwenyewe.

"Ni kansa?" nikamuuliza. Miaka yote hiyo, na swali lenyewe lilikuwa fupi hivyo.

"Sijaona uvimbe," alisema. "Lakini nimeona kitu. Njia yako ya chakula iko na pete pete, na mistari imeshuka nayo."

Nikamwambia hiyo haiwezekani. Kabla ya kuchoma nyama nilifanya kazi kichinjioni, na kama kuna kitu ninakijua ni ndani ya mnyama. Njia ya pumzi ndiyo yenye pete. Njia ya chakula, umio, huwa laini kama utumbo uliooshwa.

Alinitazama, akacheka. "Basi wewe umeelewa haraka kuliko wanafunzi wangu. Yako imekuwa na pete kama ya pumzi, na si kawaida. Ndiyo maana nimetoa vipande vidogo sita, juu na chini, vipelekwe maabara. Kwa macho pekee mtu anaweza kukosea."

Majibu yalichukua wiki mbili. Wiki hizo mbili sitaki kuzikumbuka. Nilikuwa nawatazama watoto wangu wakivaa soksi na kuanza kuhesabu watakuwa darasa gani nikishakufa.

Haikuwa kansa. Daktari alinielezea taratibu, akichora nyuma ya bahasha. Katika damu kuna chembe zinazoitwa eosinofili. Kazi yao ni kama ya askari wa minyoo, na pia hujitokeza kwenye mambo ya aleji. Katika umio wa mtu mzima wa afya hazitakiwi kuwepo. Kwangu zilikuwa zimejaa. Zilikuja kupigana na kitu kilichopita pale, zikakaa, zikavimbisha, na kwa miaka mingi ule ukuta ukawa mgumu na mwembamba. Aliniuliza kama nilikuwa na pumu utotoni. Nilikuwa nayo. Aliniuliza kama ngozi iliwasha. Iliwasha. Kupiga chafya asubuhi? Mke wangu akajibu kwa niaba yangu, "Daktari, huyu ndiye alamu yetu."

"Kwa hivyo ni nyama," nikasema.

"Nyama haina makosa. Nyama ni ngumu, kwa hivyo inakwama mahali pamebana. Kinachokuumiza kinaweza kuwa kitu unachokula kila siku na kinashuka vizuri kabisa."

Alinipa njia mbili, kwa vile zile dawa za asidi nilikuwa nimezimeza miaka bila nafuu. Moja ilikuwa dawa ya pampu, ile ya watu wa pumu, ila ya kumeza badala ya kuvuta, kisha unakaa nusu saa bila kula wala kunywa. Ya pili ilikuwa kuondoa chakula kinachoshukiwa, halafu baada ya miezi miwili kuingia tena na kamera kuhakikisha. Alisema mshukiwa wa kwanza kwa watu wengi ni maziwa, na tungeanza na hayo peke yake.

Nilikumbuka pampu ya utotoni, nilivyoificha kwenye soksi ili wenzangu wasinicheke. Nikachagua maziwa. Tena nilicheka moyoni, kwa sababu mimi si mtu wa maziwa. Maziwa ni ya watoto. Alinipa karatasi ya orodha, nikaisoma pale pale: maziwa, mala, yoghurt, jibini, siagi, aiskrimu. Vitu vya watu wa supermarket. Nilichokuwa nikikipenda hapo ni mala tu, yale maziwa ya kuganda, nikaiacha siku hiyo hiyo. Mke wangu akabandika ile karatasi ukutani juu ya jiko, na kwa wiki nane aliilinda kama sheria ya nchi. Mtoto akiniletea hata kijiko cha yoghurt, anakamatwa njiani.

Wiki nane zikaisha, nikaingia kamera ya pili. Nilipoamka, nilijua kwa uso wa daktari.

"Iko vile vile," alisema. "Sasa tufikirie. Labda si maziwa. Niambie siku yako yote, kile unakula, usiruke kitu."

Nikaanza. "Asubuhi naamka, nakunywa chai..."

"Ngoja. Chai gani?"

"Chai tu. Ya kawaida."

"Ya maziwa?"

Sikuelewa swali. "Daktari, chai."

"Nauliza kama iko na maziwa."

"Kwani isiyo na maziwa inaitwa chai? Hiyo ni turungi."

Mke wangu akashika mdomo. Daktari aliweka kalamu chini taratibu.

"Vikombe vingapi?"

"Sita. Baridi ikizidi, nane."

Nilitegemea anigombeze. Alijifunika uso kwa mikono yote miwili, na mabega yakaanza kutikisika, nikajua anacheka. Alipoitoa mikono macho yalikuwa na maji. "Hapana, hili ni kosa langu," alisema. "Mimi nimezaliwa hapa hapa, Ngoingwa. Nimekunywa chai maisha yangu yote, na nikakupatia karatasi imeandikwa aiskrimu. Ningekuuliza chai." Nilimpenda daktari yule tangu siku hiyo. Si wengi wanaosema kosa ni langu.

Lakini nilipotoka nje nilikuwa nimekasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Kile nilichokuwa nikisukumia chakula ndicho kilichokuwa kikibana njia. Kila nilipokwama nilikunywa kingine.

Tena maziwa yenyewe yalitoka kwa mama yangu. Mama anakaa Murera na ng'ombe mmoja, na kila wiki alikuwa akituletea maziwa ya chai, kibuyu cha plastiki cha lita tano, bila kukosa. Ilibidi niende kumwambia. Mama huniita "baba", kwa kuwa nimepewa jina la baba yake, na ukiitwa hivyo na mama yako ni vigumu kumletea habari mbaya.

Nilimweleza kama daktari alivyonieleza, hata nikachora.

"Hii maziwa ndiyo ilikulea," alisema.

"Najua, maitu."

"Ulikuwa na kifua, usiku unakohoa. Mimi nakuamsha nakupea kikombe."

"Hukujua. Hata mimi sikujua. Daktari mwenyewe hakujua."

Aliinuka akaenda jikoni. Nilisikia sufuria, nikasikia akiponda tangawizi. Alirudi na vikombe viwili vya turungi, nyeusi, akaviweka mezani na hakukaa. "Mwaka ile ng'ombe yetu ilikufa, tulikunywa hii mpaka mvua ikarudi," alisema. "Ulikuwa mdogo. Niliapa watoto wangu hawatakunywa tena." Kisha akaketi, akachukua kikombe cha pili, na akanywa nami mpaka mwisho, akikunja uso kila funda. Nilimwambia akanywe ya maziwa, akasema anywe ya maziwa na nani. Tangu siku ile nikimtembelea tunakunywa turungi sote wawili.

Wiki za kwanza sikuona tofauti, ila kichwa kuuma kwa hasira ya kukosa chai. Wiki ya tano nilikula chapati nzima kabla sijakumbuka kuogopa. Niliitazama sahani tupu, nikamwita mke wangu kutoka nje aje aione. Aliitazama ile sahani, akaniuliza kama nimeibiwa chapati. Kwa kamera ya tatu, zile chembe zilikuwa zimekaribia kwisha. Daktari akapanua kidogo mahali palipobaki pamebana, kwa baluni ndogo, akaniambia nianze nyama polepole, vipande vidogo, bila haraka. Akaniambia pia ugonjwa haujaondoka, umelala tu, na nikirudi kwa kikombe cha zamani utaamka.

Wakati wote huo mzee wa Jumamosi alikuwa akija. Saa saba, meza ya pembeni, nusu kilo ya mbavu. Siku chache baada ya kulazwa kwangu aliwaambia wote waliokuwepo kwamba amekiona kile kipande kwenye kikopo na kwamba kilikuwa cha mbuzi, na mpima ardhi akisema kitu, kimepimwa. Sauti za punda zikaisha. Lakini neno lile hakulisema tena. Nikileta kibao alisema asante, akainamisha kichwa, akala. Aliniona kama mtu ambaye yeye alikaribia kumuua, nami niliona aibu yake na sikujua nimwondolee vipi.

Jumamosi baada ya daktari kuniruhusu, nilipeleka kibao nikasimama.

"Mzee, niambie lile neno."

"Lipi?"

"Unalijua."

"Hapana, kijana. Lile niliacha kwa pikapu."

"Basi nitajiambia mwenyewe."

Nikakata kipande kidogo cha ubavu. Yule fundi wa magari alikuwepo, akaweka soda yake chini. Mwenye bucha akatoka dirishani, ameshika simu tayari kuita gari. Nilitafuna, na kwa mara ya kwanza sikuwa na haraka. Mafuta yalitoka, moshi ukatoka, nikatafuna mpaka hakuna kilichobaki cha kutafuna, nikameza.

Kikashuka. Nilikifuata kwa mawazo mpaka kilipopita pale mahali pake, na hakikusimama. Watu wakapiga makofi, mwenye bucha akapiga kelele za kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara, na mimi machozi yakanitoka mbele ya wateja bila haya. Nilikuwa nimejiandaa kufa, na sasa nilikuwa nimesimama Ruiru saa saba mchana nikila mbuzi.

Mzee peke yake hakupiga makofi. Alikuwa ananitazama kwa makini, kama anayengoja kipimo.

"Umeonja?"

"Nimeonja."

"Na?"

Hapo ndipo ladha iliponifikia. Ilianzia kwenye ulimi, ikashika mashavu, ikapanda mpaka masikioni. Niliitazama nyama, nikaitazama ile chupa yenye matundu iliyoning'inia kwenye aproni yangu, nikazitazama chupa mbili za maji mezani kwake. Nikatazama soda kwenye meza zote.

"Mzee," nikasema polepole, "hii nyama iko na chumvi."

"Ndiyo."

"Iko na chumvi mbaya sana."

"Daktari wangu wa presha anakusalimia."

"Imekuwa hivi tangu lini?"

Mzee alifungua chupa yake ya maji, akanywa, akafuta mdomo kwa kitambaa. "Tangu nianze kuja hapa," alisema. "Sasa wewe ulidhani nilikuwa nakuambia uonje nini?"

Niliwaza kile kibao alichokuwa akikisukuma upande wangu kila Jumamosi, kwa adabu, kwa sababu hakutaka kunitukana kazi yangu mbele ya watu. Mtu mzima alikuwa amekunywa maji miaka yote hiyo badala ya kuniaibisha, na mimi nilikuwa nimempigia kisu mezani.

Nikachukua kibao chake, nikarudi jikoni. Nikaimwaga ile chupa yote kwenye majivu. Nikakata mbavu nyingine, nikazichoma kavu, nikaweka chumvi kidogo pembeni kama watu wenye akili. Nilipozileta, nilivuta kiti nikaketi naye, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa mteja yeyote. Nikaonja mimi kwanza, kisha nikamsogezea kibao.